Mama mkwe kaondoka na nyanya zangu

Leo bustani yangu imepanda bodaboda kwenda Kisarawe, na mimi ndiye niliyeipakia.

Mnazijua nyanya zangu nilizopanda kwenye mifuko mbadala, ile ya kubebea vitu sokoni, hapa uani Kongowe. Mche mmoja, ulio kwenye mfuko uliochorwa maua, ndiyo kwanza ulikuwa umeanza kuivisha.

Mama mkwe kaja kutusalimia. Shikamoo, marahaba, macho yake yako uani.

"Baba, huo mfuko wa maua si ndio niliowaletea mihogo?"

"Ndiyo, mama."

"Nilikuwa nausubiri."

Kwao ukirudisha chombo cha mtu, lazima utie kitu ndani.

Akazitazama nyanya. "Afadhali hujaniachia mtupu." Akaushika mfuko vishikio vyake.

Nikaomba kimoyomoyo vishikio vikatike. Mifuko hii sokoni inakatika kwa kilo ya sukari, nyie mashahidi! Leo huu umebeba udongo, samadi na mche mzima, kimya.

Mke wangu yuko jikoni anacheka.

Mama kapanda bodaboda, kageuka. "Na ule wenye bilinganya?"

"Wa jirani, mama."

Jirani, kama unasoma hapa, hongera. Kuanzia leo una bilinganya. Akikuuliza, usiniangushe.