Punda Aliyetafuta Nundu

Kwa Mihayo, ukitoka Usagara kushuka upande wa ziwani, kulikuwa na punda aliyekuwa na hakika kwamba yeye ni ng'ombe. Msimcheke. Aliletwa pale angali mdogo, akalazwa zizini, akala pamoja na ng'ombe, akanyeshewa pamoja nao. Ungekuwa wewe, ungejiona nani?

Kazi yake ilikuwa kubeba madumu ya maji, lakini moyo wake ulikuwa kwenye plau. Msimu wa kilimo aliwatazama maksai wawili, Shimba na Ngosha, wakiitwa kwa majina na kufungwa nira, akabaki anajiuliza mbona yeye haitwi. Alidhani hajakua. Akasubiri akue. Yakakua masikio.

Mwaka huu mvua zimeanza vizuri, shamba linasubiri, Shimba akachomwa na mwiba kwatoni. Mihayo akakuna kichwa, akalizunguka zizi, macho yake yakatua kwa punda.

"Hebu njoo wewe," alisema.

Punda alikaribia kulia kwa furaha. Akasimama kando ya Ngosha, kifua mbele, akawekewa nira. Hatua ya kwanza tu, nira ikateleza ikamkaba shingo. Akainamisha kichwa, ikaja mpaka masikioni. Wakairudisha, ikateleza tena, na plau ikaenda upande kama mlevi anayerudi kwake. Kija, mke wa Mihayo, aliyekuwa anadondosha mbegu nyuma yao, alicheka mpaka akakaa chini.

"Baba Ng'washi, nira inashikwa na nundu," alimwambia mumewe. "Huyu nundu ataitoa wapi?"

Nundu? Punda akamgeukia Ngosha. Kweli, juu ya mabega palikuwa na kilima cha nyama. Akamtazama ndama aliyezaliwa juzi, naye anacho. Sasa ya kwake iko wapi? Imeanguka njiani na madumu? Au alisahau kuiota? Kichwa kilimzunguka. Jioni ng'ombe walipoingia zizini, yeye alibaki nje ya lango ameduwaa, kwa sababu hakujua tena kama pale ni kwao, na aibu ilimjaa.

Ng'ombe mmoja mwekundu, bibi kizee aliyezoea kulala naye ubavu kwa ubavu, akaja langoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona huingii?"

"Mimi sina nundu, bibi. Sielewi mimi ni nani."

"Huna, ndiyo."

"Kumbe ulijua?"

"Tangu siku uliyoletwa. Sote tulijua."

"Mbona hamkuniambia?"

Bibi akatafuna kidogo, akawaza.

"Tulidhani unajua," alisema. "Ingia basi, mgongo wangu unapigwa na baridi."

Punda aliingia akiwa hajaelewa vizuri. Alichokiona ni kwamba zizi lilikuwa limejaa, ng'ombe wamebanana kila upande, na katikati yao pamebaki nafasi moja wazi, yenye upana wa punda.