Kabati la Gemu la Telesphor

Telesphor wa Nsemulwa alikuwa na tivii ya inchi kumi na nne, mashine ya gemu aliyoletewa kutoka Kigoma, na ahadi. Ahadi aliitoa mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya baba mkwe wake, mzee Lyamba: "Nisipofungua gemu Saba Saba, Baba, nakuja Ugalla kulima tumbaku yako." Mwaka ulikuwa tisini na sita, kazini wameshampunguza, na jembe alikuwa analiogopa kuliko simba.

Kilichobaki ni kabati tu la kuvitia hivyo vitu. Hapo akakwama wiki mbili. Akilala anaota la mtindo wa meza, watu wameketi, kioo kinatazama juu. Akiamka, mkewe Specioza analivunja.

"Meza? Watu wa hapa ukiwapa meza wanaweka bia. Italewa hiyo tivii yako."

"Basi la kusimama. Refu, batani hapa kifuani, juu kipaa."

"Hilo jeneza lililoamka," Specioza akasema. "Lakini bora jeneza kuliko baa."

Kazi akapewa Melkiadi, fundi wa mizinga ya nyuki ya mbao. Gemu alikuwa hajaiona hata pichani. Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa. "Nimekupata, bosi. Sanduku refu, paa, matundu nyuma lipumue."

"Hapo hapo!"

Likatoka zuri, jamani. Mninga mtupu. Telesphor akaliweka uani, vanishi ikauke. Asubuhi ya pili anatoka na mswaki mdomoni, kabati linanguruma. Kwanza akadhani tivii imejiwasha, kisha akakumbuka tivii bado iko chini ya kitanda. Ni nyuki. Kundi zima, wanaingia kwenye matundu kama wameitwa majina.

Akamkimbilia Melkiadi. "Fundi, umefanya nini humo ndani?"

"Si kawaida tu? Nimepaka nta. Usipopaka nta, nyuki hawaji."

"Nani kakuambia nataka nyuki?"

Melkiadi akafikiri sana. "Hukusema hutaki."

Telesphor akarudi mbio, akakusanya matambara awashe moshi. Mzee Lyamba, aliyekuwa ameshakuja mjini kuiona hiyo gemu, akamshika mkono. Kwao nyuki wakija nyumbani wenyewe ni wageni wa ukoo. Hawafukuzwi, wanangojwa.

"Wataondoka lini, Baba?"

"Wakitaka."

"Si Saba Saba ni keshokutwa!"

"Hawana kalenda hao, mwanangu."

Telesphor akamgeukia mkewe. "Mama Prisila, mwambie baba yako." Specioza akatazama kabati, akamtazama baba yake, akaingia ndani kusonga ugali.

Saba Saba watu walikuja kweli, wakajipanga mbali, mikono mifukoni.

"Telesphor, inachezwaje hiyo?"

"Unaingiza mkono," akajibu, na hakucheka.

Mchana lori la Ugalla likasimama barabarani. Mzee Lyamba akatangulia kupanda, akamsogezea mkwewe nafasi juu ya magunia.

"Na nyuki, Baba? Nani atabaki nao?"

"Nyuki hawalindwi. Panda."

Akapanda.