Bosi Alipoosha Mfereji

Mimi Saudia nilikwenda kufanya kazi, na kazi niliifanya, nisisingiziwe. Lakini iliyonichosha kuliko zote ilikuwa kazi ya kukaa kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani, nikimtazama bosi akisugua mfereji. Kufua mapazia ya nyumba nzima ni nafuu. Mtu aliyezoea kazi ukimkalisha amtazame asiyeijua, unamtesa, na mateso hayo niliyapata karibu wiki nzima.

Nilikuwa mmoja wa wale wanawake wa Kenya waliomiminika huko miaka ile, ndege zikiondoka Nairobi zimejaa sisi, tumevaa fulana za ajenti za rangi moja kama timu ya netiboli. Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa Riyadh, kwa bibi mmoja mjane niliyemwita Madam. Yeye ndiye aliyekuwa kafili wangu, mdhamini wa kibali changu. Alikuwa mkali kama pilipili, lakini alinipenda kwa jambo moja: siwezi kudanganya. Si kwamba mimi ni mtakatifu. Ni uso wangu tu, haukuumbwa kwa kazi hiyo. Nikijaribu, midomo hunicheza na jicho moja hukimbilia dirishani. Akiuliza nani amezidisha chumvi, nasema ni mimi, Madam, na hata jana nilizidisha ila hukuonja.

Madam alikuwa na mdogo wake wa kiume Jeddah, mtaa wa Al-Safa. Mke wa huyo ndugu alipofanyiwa operesheni ya goti, Madam akaniazima huko kwa mwezi mmoja. Na kama sufuria za kuazimwa, sikurudishwa. Huyo bosi wa Jeddah tulimwita Baba: mzee mpole, mwenye tumbo la heshima, ambaye tangu azaliwe hajawahi kujimiminia maji ya kunywa mwenyewe. Glasi ikiwa mbele yake na jagi likiwa kando ya glasi, aliita mtu.

Kitu alichokipenda duniani baada ya mkewe, na siku nyingine kabla ya mkewe, kilikuwa mashine. Kusini mwa mji, nyuma ya Al-Mahjar, kulikuwa na kiwanja chenye ukuta, urithi wake na dada yake. Ndani yake palikuwa na banda, na ndani ya banda pampu ya mvuke iliyotolewa zamani kwenye meli iliyokufa. Babu yao aliiweka juu ya kisima ipandishe maji na kuyamimina kwenye mfereji wa mawe. Mfereji ukayapitisha kwenye mitende, ukazunguka ghala, ukaishia kwenye hodhi upande wa pili wa kiwanja. Mitende ilishakufa yote. Mashine haikufa, kwa sababu Baba alikuwa na fundi wa kuitia mafuta na kung'arisha shaba zake mpaka ungeweza kujitazama ukijipaka wanja. Kila mwaka ilikokwa moto mara moja, gurudumu likazunguka, maji yakapanda yakarudi kisimani, Baba akapiga makofi, tukaenda zetu. Mfereji wenyewe haukuwa umeona maji kwa miaka.

Basi Madam akataka kiwanja kiuzwe. Kulikuwa na mtu anataka kujenga ukumbi wa harusi hapo, na mashine iende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Baba akakataa. Waligombana kwenye simu, spika imefunguliwa, nyumba nzima ikasikia. Baba akasema mahali pale ni kumbukumbu. Neno hilo ndilo lililomwasha Madam.

"Sikiliza," akasema. "Ijumaa ijayo nakuja. Nitakaa pale kwenye hodhi, nitaweka miguu yangu ndani. Ukiniletea maji mpaka miguuni, kwa mikono yako mwenyewe, bila fundi, bila dereva, bila huyo msichana wangu, wallahi siuzi. Yasipofika, unauza. Halas? Tumemaliza?"

"Halas," akasema Baba. "Jambo rahisi sana."

Dereva wetu, kaka mmoja wa Unguja, alikuwa mlangoni na funguo mkononi. Alinitazama kama mtu aliyesikia tangazo la msiba.

Madam hakumwamini mdogo wake hata kidogo. Akaniweka mimi niwe shahidi. Nikae, nitazame, nisishike kitu, nisiseme neno, na kila jioni nimpigie nimweleze. Dereva naye akaapishwa hivyo hivyo: asisaidie kwa mkono wala kwa mdomo.

Siku ya kwanza Baba alivua kilemba chake chekundu, akakitundika kwenye bomba, akauliza fagio ni lipi. Hakutania. Mbele yake palikuwa na fagio, reki na koleo, na alikuwa anaelekea kwenye koleo.

"Dada," dereva akaninong'oneza, "mie leo n'naona dalili za kiyama."

"Nyamaza, kaka. Tumeapishwa."

"Basi tujikaze kisabuni."

Kuwasha moto kulimshinda siku mbili. Aliweka gogo zima, akaliwashia njiti moja ya kiberiti, akasubiri kwa adabu. Hatimaye moto ukashika vibao vya mapaleti, ukashika na sehemu ya nyusi zake. Mimi nilikuwa nimeuma ushungi wangu ili nisipige kelele. Dereva alikuwa na njia yake: kila Baba alipokosea, alikohoa. Alikohoa wiki ile mpaka Baba, kwa huruma yake, akamletea dawa ya kifua. Kuhusu kukohoa hatukuwa tumeapishwa, lakini Baba hakuielewa lugha hiyo.

Jioni Madam alikuwa anasubiri usoni mwa simu, miwani imeshuka puani.

"Leo amefanya nini?"

"Amelia, Madam."

"Kwa nini?"

"Moshi."

"Vizuri. Na kesho?"

"Kesho anaosha mfereji."

Akavua miwani, akasema haya, akakata.

Sasa kuhusu kuosha mfereji, lazima mjue kitu kimoja. Ua wa nyumba ya Al-Safa niliuosha kila Ijumaa asubuhi, na Baba alikuwa akinitazama dirishani. Alimwona mtu anamwaga sabuni ya unga, anachukua brashi ngumu, anasugua. Hapo ndipo kahawa yake ilipokuwa tayari, naye akaondoka dirishani. Kwa hiyo katika akili ya Baba, kuosha ni sabuni na brashi. Hakuwahi kuiona nusu ya pili.

Akaja na mfuko mkubwa wa sabuni, ule wa kufulia nyumba nzima kwa miezi. Akamwaga mfuko wote, toka bandani mpaka kwenye hodhi, kama mkulima anayetia mbolea. Akanyunyizia maji kidogo kwa birika la chai, akasugua kwa nguvu zake zote, akipumzika kila penye kivuli. Jasho lilimtoka, mgongo ulimkatika, viganja vikamtoka malengelenge. Alipomaliza, mfereji ulikuwa mweupe wote, sabuni imegandia kwenye mawe na jua linaikausha. Akajisimamisha, akaturudia na tabasamu la mtoto aliyefaulu mtihani.

"Safi?" akaniuliza.

Nilikuwa nimekatazwa kusema. Nikatazama mbinguni. Dereva alikohoa mpaka akainama.

"Maskini, dawa haikufaa," akasema Baba.

Ijumaa Madam akaja kwa ndege. Aliingia kiwanjani na fimbo yake, hakuitazama mashine, akaenda moja kwa moja kwenye hodhi, akakaa kwenye kiti, akavua viatu, akaweka miguu ndani ya hodhi kavu. Mimi nikakaa kando yake. Ghala lilituziba, hatukuweza kuliona banda, wala aliye bandani hakuweza kutuona. Dereva alikaa huko upande wa moto, asije mzee akajichoma peke yake.

"Yalla! Anza!" Madam akapaza sauti.

Sifa zake nitampa: mashine ilikwenda. Tulisikia ikivuta pumzi, ikaanza kugonga, tuku, tuku, tuku, moshi ukapanda juu ya ghala, na Baba akapuliza honi yake mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mimi ni mtu wa Taveta, nimezaliwa nikakuta mifereji ya shamba, na nilijua kwamba mfereji uliokauka hunywa wenyewe kwanza. Nikaanza kumwombea. Namwambia Mungu, huyu si ndugu yangu, na hana akili ya fagio, lakini amejitahidi.

Kwanza ilikuja sauti ya mnong'ono. Kisha kwenye kona ya ghala likatokea povu. Halikuwa povu la beseni. Lilikuwa limesimama, limejaa mfereji na kuupita, linakuja taratibu kwa madaha kama bibi harusi mnene. Madam akashika fimbo. Povu likafika, likamwagikia hodhini, likapanda vifundoni, magotini, likammeza hadi mapajani, na Madam, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti kwa hofu, akapiga ukelele uliosikika Al-Mahjar yote.

Baba kule bandani alidhani ni vigelegele.

Akaifunga mashine! Kama angekuwa na msaidizi, mmoja angebaki kwenye moto na mwingine akimbie kutazama. Lakini dereva alikuwa ameapishwa asiguse kitu, na furaha ilimzidi mzee, akaifunga, akaja mbio amekunja kanzu, akipiga makofi. Nyuma yake mfereji ukayanywa maji yaliyobaki. Mvuke ulishatoka, na mapaleti yote yalikuwa majivu.

Alipoliona povu akasimama. Lilikuwa mpaka kwenye ndevu zake, sijui lilifikaje.

"Haya," Madam akanigeukia. "Wewe usiyejua kudanganya. Hiki kilichonifikia ni maji?"

Nikapiga magoti, nikatia mkono ndani ya povu mpaka begani. Chini kulikuwa na vumbi lenye unyevu, basi. Baba alikuwa ananitazama. Nataka niseme wazi kwamba dakika ile niliwachukia wote wawili, mmoja kwa kuniuliza na mwingine kwa macho yale. Nilitamani sana niwe na uso mwingine.

"Mafi, Madam," nikasema. "Maji mafi, hakuna. Ni sabuni tu."

Baba akakaa kwenye ukingo wa mfereji. Hakubisha. "Halas," akasema polepole. "Tutauza."

Madam alikuwa bado analitazama povu lililomfunika. "Nani ameosha huu mfereji?"

"Mimi."

"Sabuni umetia wewe?"

"Mfuko mzima."

"Ukasuuza?"

"Kusuuza?" Baba akauliza, na alikuwa anataka kujua kweli.

Madam akaanza kucheka. Alicheka mpaka fimbo ikamwanguka, mimi nikaona ruhusa imetoka, nikacheka, na dereva aliyekuja nyuma akacheka huku akikohoa kwa mazoea. Lakini kicheko cha Madam kikageuka katikati, akawa anajifuta macho kwa ncha ya abaya.

"Kila Alhamisi," akamwambia. "Kila Alhamisi mpaka nilipoolewa, niliusugua mfereji huu kwa magoti, toka kule hadi hapa. Wewe umekaa juu ya ukuta ule na tende zako. Ukishiba unaondoka, sijasuuza bado. Halafu unaniambia kumbukumbu! Mimi nikiingia hapa magoti yananiuma."

"Sikujua," Baba akasema.

"Ulikuwa umekaa pale!"

"Nilikuwa nakuona," akasema. "Lakini sikujua."

Mimi nilimfikiria kaka yangu wa Taveta, niliyemfulia sare mpaka akamaliza shule, na roho ikaniuma ghafla, sikuitegemea.

Baba akainuka. Akaenda bandani, ambako pipa lilikuwa limejaa maji ya pampu, akarudi na ndoo, akaimwaga palepale alipokuwa amesimama.

"Si hapo!" Madam akafoka. "Anza juu! Nani anasuuza kutoka katikati?"

Akaanza juu. Madam akatoka hodhini, peku, povu likimdondoka, akatembea naye kando ya mfereji akionyesha kwa fimbo: hapo bado, kona ile, umeruka jiwe hilo. Ndoo kwa ndoo. Walifoka, wakapumzika, wakafoka tena. Mara moja nilimwona Madam amenyang'anya brashi na kusugua mwenyewe, kisha akakumbuka na kumrudishia kwa hasira. Dereva alijaribu kuinuka akafukuzwa kwa fimbo.

Baada ya alasiri yakafika. Maji ya kijivu, membamba, yenye majani na sabuni, yakaingia hodhini yakitapatapa. Madam akakaa, akaweka miguu.

"Ni maji haya?" Baba akauliza, na aliniuliza mimi.

Nikatia mkono. "Ni maji, Baba." Midomo haikunicheza.

"Siuzi," akasema Madam, kama anayekataa chakula asichokitaka. Kisha akasema ana kiu. Nikasimama nikaweke kahawa kwenye jiko dogo la bandani. Fimbo ikanizuia.

"Kaa. Yeye ataleta."

Ilichukua muda mrefu, na tulisikia vyombo vikianguka. Baba akaja na dele la kahawa na vikombe vidogo, viganja vyake vimefungwa leso, akammiminia dada yake kwanza. Nami nikapewa. Ilikuwa chungu, imejaa machicha, hiliki ametia nzima nzima na maganda yake. Kule mtu akitosheka hukitikisa kikombe ili asiongezewe, na mimi nilitikisa changu haraka sana. Madam akainywa yote, akakunja uso, akanyoosha kikombe bila kukitikisa. Baba akammiminia tena.