Karani Aliyebaki Bandarini

Samaki wa mto kule kwetu Barumbu zamani walikuwa wakubwa, usinibishie. Bibi yangu aliwakausha kwa moshi, na mimi, badala ya kukaa shuleni (nilisoma miaka miwili tu, bon, tuache hiyo), niliwapeleka sokoni kwa mtumbwi. Bibi alisema mikono yangu ina akili kuliko kichwa. Hakukosea.

Kwa hiyo wakati wa vita, feri ikiwa imekufa, mimi ndiye niliyemvusha hakimu hapa Kisangani. Kaka yangu alikuwa na kesi. Mfanyabiashara mmoja alidai kiwanja chetu cha ng'ambo kilikuwa kitupu, hakina mwenyewe, alipouziwa. Kaka akamwomba hakimu aje aone makaburi ya wazazi wetu pale. Hakimu akavuka, akayaona, akavua kofia. Lakini karani wake, ambaye kazi yake ni kuandika, alibaki bandarini Makiso. Aliogopa maji. Tulimcheka: "Papa karani, mto umeshakula wengi, umeshiba!"

Baadaye hakimu yule akakimbia vita. Aliyekuja nyuma yake akasoma faili tu, na faili, kwa mkono wa karani aliyeficha woga wake, ilisema hakuna aliyevuka. Tukashindwa.

Tukakata rufaa. Hakimu mkubwa akamsikiliza kaka mpaka mwisho, akafunga faili.

"Papa, rufaa inasimama hapa. Siwezi kukata kesi juu ya maandishi yenye makosa. Karani wa kwanza asahihishe, atie sahihi, ndipo tutaendelea."

Tukamkuta karani ofisini kwake. Kaka hakugomba.

"Papa karani, andika tu ile ulifanya. Wazazi yangu iko pale."

"Nikiandika nilibaki, watanifukuza kazi."

"Na mimi, wakinifukuza kwa kiwanja yangu?"

Karani akachukua kalamu, akaandika tarehe. Jasho likamtoka. Nasema kweli, nilimhurumia. Mimi mwenyewe naogopa radi mpaka leo, uzee wote huu. Kisha akaweka kalamu chini, akavaa koti.

"Ninaenda kunywa mayi, ninarudia."

Dirishani tulimwona akipita mtungi wa maji bila kusimama, akashika barabara ya Bafwasende, ile ya kutoka mjini, kwa miguu, taratibu, kama mtu anayetoka misani. Kaka alimngoja, mkono juu ya ile karatasi, mpaka ofisi ikafungwa. Hakurudi siku ile wala nyingine, na rufaa yetu ikabaki pale iliposimamishwa.