Jina Mwishoni mwa Katuni

Katuni ile ya Kijapani mimi ndiye niliyeitayarisha kwa Kiswahili, na hapa Dodoma hakuna anayejua. Wenye makosa ni wawili, mwenye kituo cha televisheni na mpwa wake.

Ilikuwa miaka ile watu binafsi wameruhusiwa kufungua televisheni. Mwenye kituo alinikabidhi kanda za video akasema, "Sauti utafute mwenyewe."

Nikatafuta. Muuza maandazi wa Area D, mwenye kicheko cha kukwaruza, nikamfanya mchawi. Mwimba besi wa kwaya akawa jitu. Kijapani hatukujua hata mmoja. Nilitazama kila kanda mara tano, mara sita, nikifuata midomo na machozi ya wahusika, halafu nawatungia maneno ya kutosha mdomo unapofunguka. Tukirekodi, madirisha tuliziba kwa mablanketi, lakini upepo wa Dodoma ukishapiga bati, mnaanza upya. Kipande kimoja tulikirudia kutwa, mpaka mchawi akafoka, "Hilo jitu lako likapigane na upepo kwanza!"

Sikuomba makubwa. Niliomba jina langu liandikwe mwishoni: mtayarishaji. Mwenye kituo akajibu, "Hilo halina shida." Nikatuma salamu Kongwa, mama aje aone.

Kanda zote zimekwisha, ndipo mpwa akaja na cheti chake cha chuo kutoka Dar es Salaam.

"Kaka, umeishia darasa la ngapi?"

"La nne."

"Mtayarishaji wa darasa la nne!" Akacheka. Nami mjinga nikacheka naye.

Siku ya kuonyeshwa tulikaa kwa jirani mwenye televisheni, mama mbele kabisa, kitenge kipya. Jitu lilipokufa alilia. Kisha maandishi yakaanza kupanda. Muuza maandazi hayumo. Besi hayumo. Mtayarishaji: yule mpwa.

Mama hakujua kusoma. Akanishika goti. "Lako lipi hapo, baba?"

Jirani aliinamisha kichwa. Nikanyoosha kidole kwenye jina la yule kijana.

"Hilo, mama."

Akapiga vigelegele.

Kesho yake nilikwenda kituoni. Mwenye kituo hakuinua hata macho kwenye gazeti. "Jina tu ndilo linalokuuma?"

Sikurudi tena. Mama alikwenda kutangaza Kongwa nzima, na amezikwa akiamini. Wale wawili waliniibia. Lakini kidole kile kilikuwa changu, na hilo ndilo nisilowasamehe.