Shabi ni Tusi au Sifa?

Juzi, kwenye kliniki moja ya Bofu, huku Pwani, nilisimama nyuma ya bibi aliyemleta mjukuu wake mchanga kupimwa uzani. Mtoto alikuwa amefungwa leso iliyopauka hata maandishi yake hayasomeki. Nesi, msichana wa kutoka bara, akaishika pembe kwa vidole viwili.

"Nyanya, mbona leso yenyewe ni shabi hivi?"

"Shabi ndiyo nini, mwanangu?"

"Ni kitu kimetumika sana mpaka kimechakaa."

Bibi akatabasamu kama aliyetuzwa. "Ahsante, wallahi umeiona! Mamake huyu alipozaliwa nilimpokea kwa leso hii hii. Mpya ni ngumu, itamkwaruza mtoto."

Nesi akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari.

Shuleni nilifunzwa kuwa neno hilo la Kiingereza, "shabby", ni la kudharau. Lakini maana aliyoitoa nesi ilikuwa sawa, na bibi aliielewa sawasawa. Sasa aliyekosea ni nani?

Jana mke wangu kaja na leso mpya, nami nikamwombea kwa moyo safi: "Inshallah itakuwa shabi."

Mpaka naandika haya, hajanisemesha.