Sentensi Niliyoipitisha

Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye chumba cha kupanga pale Kilakala, kompyuta mapajani, nikiifundisha mashine kusoma. Mashine ilipitia kurasa za mtandaoni, ikaokota humo sentensi moja moja na kuniletea kama mambo ya kweli iliyojifunza. Mimi nilibonyeza Sahihi au Si Sahihi. Sharti lilikuwa moja tu: angalia kama ukurasa umesema hivyo. Unachokijua wewe hakihusiki.

Siku moja ikaniletea hii: Kwa Waluguru, shamba hurithiwa na watoto wa kiume kutoka kwa baba yao. Nilicheka peke yangu. Mimi ni Mluguru wa Kinole. Kwetu ardhi ni ya ukoo wa mama. Mjomba akifariki, shamba linarudi kwa dada zake, na watoto wake wanategemea ardhi ya upande wa mama yao. Nikatafuta mahali pa kuandika hayo, hapakuwepo. Ukurasa ulikuwa umesema. Nikabonyeza Sahihi kwa hasira, nikaenda kwenye inayofuata. Mtu wa masharti, mjinga mimi.

Mwaka uliofuata mjomba akafariki. Baada ya arobaini tulikaa barazani Kinole kuzungumzia shamba lake la karafuu. Mama yangu ndiye dada yake pekee, na amelipalilia shamba hilo tangu mimi nikiwa mgongoni. Hana jingine.

Mtoto mkubwa wa mjomba, mwenye duka mjini, akatoa simu, akafungua mashine ya kujibu maswali.

"Shangazi, tusigombane bure. Tuiulize hii, haina upande."

Akasoma jibu kwa sauti. Maneno yalikuwa yale yale.

"Huo ni uongo," nikasema. "Niliupitisha mimi mwenyewe!"

"Kumbe," akajibu binamu, taratibu kabisa. "Kama uliupitisha mwenyewe, sasa unabisha nini?"

Mama akanigeukia. Miaka yote alikuwa akijisifu kwa majirani kwamba bintiye anafundisha kompyuta.

"Si wewe ndiye mwalimu wake, mwanangu? Iambie basi."

Nikaichukua simu, nikaandika kwamba imekosea, shamba ni la mama. Ikanishukuru kwa adabu, ikakubali kosa. Mama akatabasamu. Binamu akaazima simu ya mdogo wake, akauliza upya, na ile ikajibu kama mwanzo.

Mama alikuwa bado ananitazama, akingoja niiambie na hiyo.